Hofu ya uhamiaji yatishia chekechea za watoto wa Kilatino

MVUTANO kuhusu nani anastahili kusoma chekechea kwa fedha za umma nchini Marekani umeingia sura mpya, na wanaoelekea kuumia zaidi ni watoto wa familia maskini zenye asili ya Amerika ya Kilatini.

Kiini cha mvutano huo ni Head Start, mpango ulioanzishwa mwaka 1965 na serikali ya Rais Lyndon Johnson kwa ajili ya watoto wadogo wa familia zenye kipato duni. Mbali na masomo, watoto hupata chakula na uchunguzi wa afya. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya theluthi moja ya walioandikishwa wamekuwa Walatino, wakiwamo watoto wa vibarua wanaohamahama kufuata msimu wa mavuno.

Kwa miongo kadhaa, uhamiaji haukuwa kigezo cha kuandikishwa. Julai 2025, Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ilitoa tafsiri mpya ya sheria ya mwaka 1996, ikiwafungia mlango wahamiaji wasio na vibali. Septemba mwaka huo, majaji wa shirikisho waliamuru utekelezaji usimame wakati kesi zikiendelea.

Hata hivyo, amri ya mahakama haifuti hofu. Januari 2025, serikali ilikuwa imeondoa mwongozo uliowawekea mipaka maofisa wa uhamiaji kukamata watu shuleni. Watoto wa Kilatino walio wengi ni raia, kwa kuwa wamezaliwa Marekani. Lakini mtoto wa miaka minne hajiandikishi mwenyewe. Mzazi akiogopa kujaza fomu au kufika langoni, uraia wa mtoto humfaa kidogo.

Madhara hayaishii kwake. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu kituo kinachoshindwa kujaza nafasi zake kwa muda mrefu kipunguziwe ruzuku. Viti vikibaki vitupu kwa sababu ya hofu, darasa zima laweza kufungwa, na mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake wana hati zote, naye akakosa pa kwenda.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kesi na rufaa zinaweza kuchukua miaka. Mtoto wa miaka minne amebakiza mwaka mmoja tu kabla ya kuanza shule.