TUKIO SI AJALI

Rubani aghairipo kutua kwa sababu ya upepo, akapaa tena na kutua salama, huyo ametimiza wajibu wake. Lakini siku hizi jambo hilo huandikwa "abiria wanusurika kifo". Sisi wa Lukuledi tunaopandia ndege Mtwara, na ndugu zetu wa Mafia na Pemba ambao ndege ndiyo daraja lao, hatustahili kutishwa bure.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hutenganisha tukio na ajali. Ajali ni ile ya Bukoba, Novemba 6, 2022: ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Viktoria ikiwa na watu 43, wakafa 19. Hata siku hiyo ilitangazwa kwanza kwamba waliookolewa ni 26. Kumbe walionusurika ni 24. Kwa jamaa wanaosubiri, tofauti ya watu wawili si tarakimu tu.

Waandishi na wathibitishe kwanza. Viongozi nao wasijifiche, maana wenye habari wakinyamaza, uvumi hushika nafasi yao. Taarifa fupi ya kweli itolewe mapema. Apigaye yowe kila siku, siku ya moto hasikilizwi.