TAARIFA YA TAWI: ALIYEKUWEPO ARUDI

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tawi linazungumzia Kariakoo wakati sisi tuko Biharamulo. Ni kwa sababu mji wetu nao unakua, na nyumba za zamani za karibu na soko siku moja zitaonekana viwanja tu.

Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba na wapangaji walishirikiana msibani na harusini. Leo ni maghorofa na fremu. Mwenye kiwanja aliambulia chochote. Mpangaji aliambulia notisi. Mimi ni mtu wa hesabu: baraza haliingizi kodi, hivyo mwekezaji hatalichora asipobanwa.

Magomeni Kota, hapo hapo Dar es Salaam, kaya 644 zilizobomolewa nyumba ziliahidiwa kurudi, na Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa yao. Walisubiri miaka, na ghorofa halina uani, lakini walikuwa kwenye orodha.

Nasi tuwe na orodha. Kila balozi alete ofisini idadi ya kaya za shina lake, *wapangaji wakiwemo*, kabla ya kikao kijacho. Mpango wa mji ukiletwa kwa maoni, tutadai haki ya kurudi iandikwe, na maeneo ya wazi yasigeuzwe fremu. Nakala atapewa Diwani.

Katibu wa Tawi