Kabureta ni Mshahara wa Mwendeshaji



Wengi hudhani kabureta ni shauri la mafundi peke yao. Sisi tunaozunguka kwenye steji za Busia tukiandikisha wanachama tunasema ni shauri la mshahara.

Kazi ya bodaboda ilianzia mpaka huu huu wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizovusha abiria na mizigo. Baiskeli ilikula jasho la miguu. Pikipiki inakula petroli, na kwa mwendeshaji wa pikipiki ya mtu, petroli hiyo hutoka mfukoni mwake mwenyewe. Jioni mwenye pikipiki hupokea hesabu yake kamili. Kinachobaki ndicho mshahara.

Tufanye hesabu. Pikipiki kuukuu ikipoteza nusu lita tu kwa siku kwa sababu ya kabureta mbovu, kwa siku 26 za kazi ni lita 13. Hizo ni lita 13 zilizotolewa kwenye unga na ada ya shule, nazo hazikumfikisha abiria hata mmoja.

Ubaya uko pande mbili. Injini hutaka kipimo: kwa uzito, karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na plagi hushika masizi. Hewa ikizidi, injini hupata joto mno, na mwisho wake huungua valvu au pistoni. Hapo ndipo mwendeshaji huambiwa, "Umeniulia injini, lipa." Asiyejua kabureta hana la kujibu. Hulipa.

Na kujua si kazi kubwa. Kwanza safisha chujio la hewa na plagi, maana chujio lililoziba humfanya mtu ailaumu kabureta bure. Endesha kama dakika 10 injini ipate moto. Kisha simamisha pikipiki, na kwa skrubu ya mwendo pandisha kidogo mngurumo wa pole, ule mafundi wauitao sailensa. Sasa shika skrubu ndogo ya mchanganyiko. Zungusha taratibu, robo mzunguko kwa robo, mpaka upate mahali injini inaponguruma kwa kasi zaidi na kwa usawa. Iache hapo. Rudisha sailensa chini, lakini isiwe chini mno hata injini ikazimika katikati ya njia panda mbele ya lori.

Neno moja la kukumbuka: skrubu hiyo ikiwa upande wa chujio, inatawala hewa, na kuifungua ni kuongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, inatawala petroli, na kuifungua ni kuongeza petroli. Asiyejua tofauti hii hutibu ugonjwa kwa kuuongeza. Wala usiikaze kwa nguvu, ncha yake huharibika upesi.

Baada ya siku chache fungua plagi uisome. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi.

Ndugu zetu wa milimani nao wajue kwamba pikipiki iliyorekebishwa Mombasa, usawa wa bahari, ikipelekwa Kabale, karibu mita 2,000 juu, hukuta hewa nyepesi na petroli huzidi. Si uzembe wa mwendeshaji, wala si uchawi.

Wako wanaosema tunawanyang'anya mafundi mkate wao. Sivyo. Fundi ni mfanyakazi mwenzetu. Skrubu ile inatawala mwendo wa pole tu. Pikipiki ikikosa nguvu mlimani, huenda shida iko kwenye jeti kubwa au sindano, na hiyo ni kazi yake. Lakini anayejua huenda kwa fundi akiwa na swali. Asiyejua huenda na pochi tu.

Wengine husema kabureta inakufa, pikipiki za umeme zimekuja. Zimekuja, ndiyo. Lakini pikipiki kuukuu huishia mikononi mwa aliye maskini zaidi, na huyo ndiye chama kimpiganie kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila steji ichange inunue bisibisi, spana ya plagi na brashi. Kila mwezi, saa moja ya mkutano iwe ya kufundishana. Na mapatano na mwenye pikipiki yaandikwe: chujio, plagi na jeti ni gharama yake, maana ni mali yake, wala mwendeshaji asilipe injini kabla plagi haijafunguliwa na kusomwa mbele ya mashahidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mdogo, bisibisi moja inautosha. Tuuzibe pamoja.