Daktari si Sadaka ya Kuteketezwa



Wakati wa janga la UVIKO-19 tuliwaita madaktari malaika. Twakiri kwamba nasi tulilitumia neno hilo katika mahubiri. Lakini malaika hali chakula, halali usingizi, halipi kodi ya nyumba wala haachi yatima. Twahofu kwamba kwa jina hilo tamu tulijisamehe deni.

Desemba 2020, nchini Kenya, alifariki daktari wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa janga hilo. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano, wala hakuwa na bima ya afya. Tarehe 21 mwezi huohuo madaktari wa hospitali za umma waligoma, wakidai bima na vifaa vya kujikinga. Wapo ambao hadi leo, wakisikia mgomo wa namna hiyo, huuliza: je, wito wao uko wapi?

Sisi tunaoadhimisha sadaka kila siku altareni tungepaswa kuwa wa kwanza kuona kosa la swali hilo. Mtu hujitoa mwenyewe kwa hiari yake. Kumtoa mwenzako, ukaketi salama ukimsifu, si sadaka.

Tutajibiwa kwa mfano wa Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na Gulu, Uganda. Ebola ilipozuka mwaka 2000, aliacha masomo Kampala akarudi, akautambua ugonjwa huo mapema na kufungua wodi ya kuwatenga wagonjwa. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 43, baada ya wauguzi wake kadhaa kumtangulia. Ni shujaa, nani atabisha? Ila tusiisome nusu ya habari yake. Yeye ndiye aliyesimamia kwa ukali matumizi ya mavazi ya kujikinga. Yasimuliwa kwamba aliamshwa usiku kwenda kumwokoa muuguzi aliyekuwa akifa, naye, baada ya majuma ya kazi isiyo na mapumziko, akaenda bila kufunika macho. Mwalimu wa kanuni hizo ndiye aliyeponyokwa! Uchovu hutoboa hata vazi lililo bora, kwa hiyo anayemnyima daktari usingizi amemnyima kinga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watumishi wa afya wapatao 115,000 walikufa kwa UVIKO-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anapotutaka tumheshimu tabibu, anataja pia anachopokea kutoka kwa mfalme. Heshima ile ilikuwa na malipo ndani yake.

Nasi Kanisa tuna hospitali zetu, basi tusiielekezee serikali peke yake kidole. Baraza la parokia litakapokutana, tuulize: mishahara ya wauguzi wetu imechelewa miezi mingapi? Zamu ya usiku ni ya saa ngapi? Daktari wetu akiugua, nani atamtibu, na kwa fedha za nani?