Mgomba Uliopinduka Ukutani

Mzazi mmoja wa Muleba anatuuliza: "Mchana tukifunga dirisha lenye tundu, mgomba wa nje huonekana ukutani kichwa chini. Watoto wanasema ni majini, hawakilali tena chumba hicho. Je, tukihame?"

Tunajibu: Msikihame. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Itokayo kileleni mwa mgomba hupita tunduni ikashukia chini ukutani. Itokayo shinani hupanda juu. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyezaliwa takriban mwaka 965, aliieleza nuru hivyo katika Kitab al-Manazir. Kamera za wapiga filamu wa Bukoba hufuata kanuni hiyo hiyo. Wapeni watoto karatasi nyeupe waikinge picha hiyo karibu na tundu. Hofu itaondoka, elimu itabaki. Wallahu a'lam.