UCHAMBUZI: Rada za Kuhesabu Magari na Mtihani wa Barabara ya Mombo–Lushoto

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

Barabara inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ina urefu wa zaidi ya kilomita 30, na katika mwendo huo mfupi msafiri hupanda karibu mita 1,000. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mazao ya Milima ya Usambara yamekuwa yakiteremkia huko. Leo yanateremka kwa Fuso na Canter: kabichi, karoti, viazi, nyanya na peasi, sehemu kubwa ikielekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Swali la magari mangapi hupita hapo, ya aina gani na saa ngapi, haliwahusu wahandisi peke yao. Takwimu hizo ndizo zinazoamua unene wa tabaka za barabara, ratiba ya matengenezo na uzito wa hoja inapoombwa fedha ya Mfuko wa Barabara, mfuko ambao mwananchi huuchangia kwa tozo kila anaponunua mafuta. Barabara iliyohesabiwa pungufu hupangiwa pungufu.

Njia iliyozoeleka ni ya watu kuketi kando ya barabara na fomu, wakiweka alama kwa kila chombo kinachopita. Njia hii ina ubora wake. Macho ya mtu hutofautisha bodaboda na bajaji, basi na lori, hata lori tupu na lililopakia. Udhaifu wake ni usiku. Malori ya mboga husafiri usiku ili yafike sokoni alfajiri, kabla jua halijanyausha mzigo. Zoezi la saa 12 za mchana, kwa barabara kama hii, linaweza kukosa yale magari mazito yanayoilemea zaidi. Aidha, siku chache za kuhesabu zikiangukia nje ya msimu wa mavuno, au zikikosa siku za gulio, wastani wa mwaka unaotokana nazo utakuwa na kasoro tangu mwanzo.

Hapo ndipo vihisi vya rada vinapovutia. Kisanduku hufungwa kwenye nguzo, hupata umeme wa betri au wa jua, na huhesabu saa 24 kwa wiki nzima au zaidi. Tofauti na mirija ya mpira inayotandazwa juu ya lami, au vitanzi vya waya vinavyofukiwa ndani yake, rada haigusi barabara wala hailazimu kuifunga wakati wa kuisimika. Ukungu, ambao kwa wakazi wa Magamba na Lushoto ni jambo la kawaida, huipa kamera taabu. Rada kwa masafa mafupi ya kando ya barabara hauisumbui.

Hata hivyo, rada hazifanani. Zipo zinazotumia badiliko la mawimbi yanaporudi kutoka kwenye chombo kinachotembea, kanuni ileile ya tochi ya askari wa usalama barabarani. Hizi ni nyepesi na rahisi kuhamisha, lakini zina masharti mawili. Kwanza, chombo kilichosimama au kinachotambaa huweza kutoonekana kabisa. Pili, kipimo cha mwendo hutegemea pembe: rada ikielekezwa kwa nyuzi 45, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa huonekana kama linakwenda 28, na kifaa husahihisha kwa kuwa kimeelezwa pembe hiyo. Kwenye kona pembe hubadilika kadiri gari linavyozunguka, na usahihisho hupotea. Kati ya Mombo na Soni, kona ndizo zilizo nyingi, na lori lililopakia huenda polepole kuliko mtu anayekimbia.

Aina ya pili hutuma mawimbi yanayobadilishwa masafa mfululizo, hivyo hupima pia umbali wa kila chombo na kukitambua hata kinapokwenda taratibu sana. Vifaa vya namna hii, kama vile vya kampuni ya Wavetronix ya Marekani, vimetengenezwa kwa barabara pana na baadhi hufuatilia hadi njia 22 kwa wakati mmoja. Kwa barabara ya njia mbili, uwezo huo ni wa ziada. Zaidi ya hayo, kifaa hiki huhitaji kusimikwa mita kadhaa kutoka ukingoni mwa barabara na juu ya kutosha. Mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa mwamba na wa pili ni korongo, mita hizo hazipatikani kirahisi.

Aina zote mbili zina kasoro ya pamoja: lori kubwa likipishana na bodaboda mbele ya rada, bodaboda hufichwa. Kwa mkulima wa kijijini, pikipiki hiyo ndiyo inayobeba gunia hadi barabara kuu, na kuikosa ni kuukosa usafiri wake.

Kasoro iliyo nzito zaidi ni kwamba rada haipimi uzito. Hupanga magari kwa urefu, na Fuso tupu na Fuso lililojaa viazi yana urefu uleule. Uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, kanuni iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, ya mwaka 1958 hadi 1960. Ekseli ya tani 10 huumiza barabara takriban mara 16 ya ekseli ya tani 5. Mzigo mwingi wa mazao hushuka, kwa hiyo upande wa kuteremka unastahili kuhesabiwa peke yake, na sambamba na rada kuwekwe mizani ya kuhamishika kwa siku chache. Mirija ya mpira nayo husaidia, kwa kuwa huhesabu ekseli, ingawa haiziwekei uzito.

Kwa maoni ya safu hii, rada nyepesi ya kuhamishika inafaa zaidi Usambara kuliko ile ya barabara kuu pana, mradi ifungwe kwenye vipande vilivyonyooka ambako magari hayakwami, na kila inapohamishwa ilinganishwe kwa saa kadhaa na hesabu ya macho, mchana na usiku. TANROADS na TARURA, ambayo ilianza mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, zingeweza kuzungusha vifaa vichache katika barabara nyingi, wakati wa masika na wakati wa kiangazi.

Lipo pia suala la mazoea. Dereva akiona kisanduku kwenye nguzo hupunguza mwendo na kuwawashia wenzake taa, akidhani ni tochi, na takwimu za mwendo huharibika siku hiyo. Rada ya kuhesabu haisomi namba ya gari, haipigi picha wala haitozi faini. Huandika saa, mwelekeo, mwendo na urefu. Viongozi wa vijiji na vijiwe vya bodaboda wakielezwa hayo kabla ya nguzo kusimikwa, kifaa kitapima mwendo halisi wa barabara, na pengine hakitang'olewa betri.