"Zimepimwa" Si Jibu la Kutosha



Katika viwanda vya sukari na vya chai tunafanya kazi kando ya mvuke zamu nzima. Mvuke huo hufunguliwa na kufungwa kwa vali. Vali ikipasuka, wa kwanza kuungua si meneja aliye ofisini, bali ni mwenzetu aliyeshika gurudumu lake. Kwa hiyo kupima vali si jambo la mafundi peke yao. Ni letu sote.

Kiwanda kinaposimamishwa kwa matengenezo, tukiuliza habari za vali tunajibiwa: "Zimepimwa." Sisi tunasema jibu hilo halitoshi. Zimepimwa kwa njia gani? Ziko njia kadhaa za kuchunguza chuma bila kukikata wala kukiharibu, na kila njia huona ubovu wa namna yake, ikapitwa na mwingine.

Rangi ya kupenya hupakwa juu ya chuma kilichosafishwa, ikaingia katika ufa na kuuonyesha. Ni njia rahisi, nayo hufaa hata shaba. Lakini ufa usiofika juu haiuoni. Sumaku na unga wa chuma huonyesha nyufa za juu na zile zilizojificha chini kidogo tu, tena katika chuma kinachoshikwa na sumaku. Vali ya shaba haipimwi kwa sumaku. Anayeandika kwamba ameipima hivyo ametupa karatasi tupu. Mawimbi ya sauti hupima unene, hivyo humfichua yule mwizi anayeila vali kwa ndani huku nje inang'aa. Miale ya eksirei au ya gama huonyesha matundu yaliyobaki ndani wakati chuma kilipomiminwa. Lakini miale hiyo hudhuru mwili: lazima eneo lizungushiwe kamba, alama ziwekwe, na wote wasiohusika waondoke.

Mwajiri atasema tunadai mambo ya gharama. Hapana. Hatudai kila vali ipigwe eksirei. Huko ni kupoteza fedha. Tunadai kwamba kabla ya kuchagua njia yaulizwe maswali mawili: vali hii ni ya madini gani, na tunaogopa ubovu gani? Panapoogopwa kuliwa, itumike sauti. Panapoogopwa ufa wa juu, itumike rangi au sumaku. Bei ije baadaye.

Haki hii si ya kuomba kwa kupiga magoti. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wawakilishi wa wafanyakazi wapewe habari za kutosha juu ya hatua za usalama zilizochukuliwa na mwajiri. Tena mfanyakazi aliyetoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu asilazimishwe kurudi mahali hapo kabla haijarekebishwa. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Basi kila kamati ya tawi idai daftari la vali: namba ya vali, madini yake, ubovu uliotafutwa, njia iliyotumika, tarehe, na jina la aliyepima. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: ufa usioutafuta kwa njia yake hutauona, na ukuta utakaojengwa ni wa kaburi.

Umoja ni nguvu.